Baraza Lililoziba Shevrole ya Mzee Ubwa

Ukitoka Darajani ukaifuata njia ya Malindi, kabla pua yako haijapokea habari za soko la samaki, upande wa kushoto utaliona baraza la saruji limekaa kitako mbele ya mlango mkubwa wa ghala, limepakwa chokaa, limelainika kwa makalio ya watu kwa miaka thelathini. Asubuhi ile ya Ijumaa walikuwapo watatu na muuza kahawa wao. Alikuwapo Jaku, waliyemwita Injinia kwa kuwa alitia grisi mitambo ya meli miaka ishirini na sita. Alikuwapo Abdulwahid, waliyemwita Kaimu, maana aliwahi kukaimu ukuu wa ofisi siku kumi na moja, mkubwa wake alipokwenda kung'olewa jino likamletea mambo, na mpaka leo akikaa hukaa kama ana meza mbele yake. Na alikuwapo Mmanga, dereva wa kirikuu cha kubebea makochi, waliyempa jina la Gazeti tangu alipohitimu kisomo cha watu wazima akiwa na miaka hamsini na sita, kwa sababu tangu siku ile hakuna maandishi yaliyompita salama. Vibao vya maduka, maboksi ya dawa, karatasi za kufungia kashata, vyote alivisoma kwa sauti, kidole mbele, ulimi nyuma. Lakini asubuhi ile hakuwa akisoma chochote. Nyuma ya mgongo wake, ndani ya ghala, ilikuwamo Shevrole ya marehemu baba yake, Mzee Ubwa, ya mwaka hamsini na saba, paa rangi ya maziwa, ubavu wa buluu, na jana alasiri iliwaka. Iliwaka kwelikweli! Mlango wa kutokea ulikuwapo. Mbele ya mlango lilikuwapo baraza, na juu ya baraza walikuwapo wao.

— Nnasema tena, — alianza Mmanga. — Salhiya dada yangu kanipa mpaka leo. Gari hii urithi wetu sote wawili. Ikifika Makunduchi leo kwa magurudumu yake, ikamchukua mama ikamleta mjini, Salhiya ananiachia. Isipofika, kesho inakwenda hoteli, Kiwengwa.

— Kufanya nini huko? — aliuliza Mbarouk, muuza kahawa, akigonganisha vikombe.

— Kuwekwa ukumbini, wageni wapige picha. Kwenye buti wanataka kuotesha maua.

— Maua gani? — aliuliza Jaku.

— Nnajua mie maua gani? Maua!

— Usikasirike, yakhe. Maua yanatofautiana. Asumini haina neno. Lakini wakikuoteshea mwaridi, miiba ile itatoboa mpaka tangi.

— Injinia, mie sitaki mwaridi wala asumini! Nnataka tulivunje baraza, gari itoke.

Walimgeukia kama waliotukaniwa mama. Kaimu akaweka kikombe chini, akajifuta masharubu.

— Hoja imepokelewa, — alisema. — Na imekataliwa.

— Imekataliwa na nani?

— Na kikao.

Mmanga akamtazama Jaku. Jaku alikuwa akilitazama baraza kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa wake.

— Gazeti, tusikimbilie kuvunja, — alisema Jaku. — Ifungue gari. Toa kitu kimoja kimoja, ipitishe juu ya baraza, iunge tena hapa njiani.

— Miaka mitatu, Injinia! Miaka mitatu nimeiunga hiyo!

Na miaka ile mitatu wote waliijua. Mzee Ubwa alipofariki, Mmanga aliifungua gari akakuta kitabu chake kinene cha Kizungu chini ya kiti. Wakati ule hata jina lake mwenyewe alikuwa hajui kulisoma. Akaenda kisomo, akakaa kwenye dawati magoti yakigusa kidevu. Baadaye Ummy, binti wa Salhiya, akawa anakitia kile kitabu katika Kiswahili, kwenye daftari, na Mmanga akisoma ukurasa mmoja kwa siku, akishamaliza kusoma anafunga skrubu zilizoandikwa humo na si moja zaidi. Ukurasa wa kabureta ulimchukua wiki mbili. Alipoumaliza alitoka nje akawasomea wote, mstari kwa mstari, na Kaimu akalala.

— Basi tusiifungue, — alisema Jaku. — Tuipandishe. Tunaweka magogo ya minazi huku na huku, gari inapanda baraza, inashuka upande wa pili.

— Na nyie mtakuwa wapi?

— Hapahapa. Tutainama.

Mbarouk akacheka mpaka dele la kahawa likatikisika. Kaimu hakucheka, alikuwa akitafuta njia ya heshima.

— Itoke kwa nyuma, — alisema. — Ghala limepakana na jiko la Bi Faiza. Tutamwandikia barua rasmi. Aondoe jiko dakika kumi tu, gari ipite.

— Kaimu, baada ya jiko la Bi Faiza kuna ngazi!

— Za kupanda au za kushuka?

— Za kupanda! Ghorofa ya pili!

— Hizo gari za Kimarekani zina nguvu, bwana. Usiidharau.

— Mie naona itoke kwa juu, — alisema Mbarouk, naye asiachwe nyuma. — Paa la ghala ni mabati tu. Bandari iko pale, winchi zimejaa tele.

Hapo Jaku akasimama. Miaka ishirini na sita ya grisi ilimpanda kichwani.

— Winchi ya nini? Sikilizeni! Tunavuta kamba kutoka kwenye gari, inapita juu ya mapaa, inakwenda mpaka bandarini, tunaifunga kwenye meli. Maji yakiwa makavu tunaikaza. Bamvu likija, yale maji makubwa, bahari inajaa futi kumi na mbili, meli inainuka, na gari nayo?

— Inainuka, — alijibu Mbarouk kwa unyenyekevu, kama mtoto aliye chuoni.

— Inainuka! Hamna mafuta, hamna umeme, hamna mtu kutoka jasho. Na bamvu lenyewe Ijumaa ijayo.

— Leo ndio Ijumaa! — alipiga ukelele Mmanga. — Mama keshakaa kibarazani Makunduchi, mkoba mapajani, ananingoja!

Jaku akakaa. Kaimu akasema polepole, akitazama mbali:

— Kwani hoteli ina ubaya gani? Gari itafutwa vumbi kila siku. Itawekewa taa. Mimi naona marehemu angefurahi.

Mmanga akageuza shingo, akamtazama Kaimu, kisha Jaku, kisha Kaimu tena. Kitu kilimwingia moyoni kikakaa vibaya. Watu hawa walimshikia tochi alipokuwa chini ya gari. Jaku alichunika ngozi ya kidole kwenye feni ya ile injini.

— Nshafahamu, — alisema. — Nyie mnataka iuzwe, ili mbaki na pa kukaa.

Jaku akaangalia ndani ya kikombe chake, na kikombe kilikuwa kitupu.

— Gazeti, na sie wazee, — alisema mwishowe kwa sauti ndogo. — Mie nyumbani nnakaa wapi? Wajukuu wamejaa hadi dirishani. Mtu ana baraza lake moja tu duniani.

— Nnajua. Lakini si baba mwenyewe alikupeni kwa muda? Gari ilipokufa, mlikuja kumwomba mahali pa kukaa. Akakwambieni, jengeni, lakini gari ikipona baraza liondoke. Nilikuwapo, nilikuwa nachota mchanga!

— Maneno ya mdomo hayo, — alisema Kaimu. — Kuna maandishi?

Maandishi! Mtu asome mpaka karatasi za kashata halafu akose maandishi ya baba yake? Mmanga akainama kuficha uso, na alipoinama macho yake yakaangukia ubavu wa baraza, nyuma ya miguu ya Kaimu. Chokaa pale ilikuwa imepakwa nene kuliko kwengine, na chini ya chokaa palikuwa na michirizi.

— Kaimu, hebu sogeza miguu.

— Miguu yangu ina gauti.

— Sogeza kidogo tu, bwana.

— Daktari kanikataza.

— Daktari kakukataza kusogeza miguu? — alishangaa Mbarouk. — Mbona umekuja nayo?

Jaku akaishika miguu ya Kaimu, yote miwili, akaiinua kama anainua mkeka. Mmanga akapiga magoti akaanza kukwangua kwa ufunguo wa kirikuu. Chokaa ikadondoka, tabaka la mwaka huu, la mwaka jana, la miaka ya nyuma. Herufi zikatoka, za kuchorwa kwa kijiti saruji ilipokuwa mbichi. Mmanga akaweka kidole.

— Ba... ra... za. Baraza. Hi-li. Baraza hili ni... la mu... da. La muda! Gari i-ki... ikipona, li-on-do... liondoke.

Akavuta pumzi. Kidole kikateremka mstari wa chini.

— Halafu hapa pana ke, ne, na ye, zina vituo. Hii nini hii? Halafu "Ubwa". Halafu pana jina jengine limeandikwa vizuri sana, kwa mkono wa madaha. Ab-dul...

— Inatosha, — alisema Kaimu, miguu ingali hewani.

— Abdulwahid! Kaimu, hizi herufi tatu zina maana gani?

Kaimu akatazama juu, akatazama chini, akaona hana pa kukimbilia.

— Kwa niaba ya, — alisema. — Marehemu alikuwa hajui kuandika. Aliniambia, Abdulwahid, niandikie. Nikamwandikia.

Jaku akacheka hata akaiachia miguu, na Kaimu akapiga yowe la gauti ya kweli. Mmanga hakucheka. Alibaki amepiga magoti, kiganja juu ya jina la baba yake. Kumbe naye hakujua kusoma. Miaka yote ile alikuwa akidhani mzee alikisoma kile kitabu cha chini ya kiti.

— Hata hivyo, — alisema Kaimu akijisugua vifundo, — hayana muhuri.

Ndipo likasimama gari jeupe la hoteli pembeni, akashuka mwanamke mmoja, kajitanda vizuri, futi kamba mkononi na daftari kwapani.

— Asalamu alaykum. Shikamooni.

— Marahaba, — walijibu kwa pamoja.

— Mie naitwa Rahila, natoka hotelini. Bi Salhiya kaniambia nije nichukue vipimo mapema, kesho lori lisihangaike.

Akaupima mlango, upana na urefu. Akaandika. Akaja akalipima baraza, na ilibidi Jaku ainue kanzu ili kamba ipite. Akaandika tena, akafunga daftari, akawauliza kwa adabu tu, bila nia mbaya:

— Na hili baraza, wazee wangu, mtalivunja nyie wenyewe leo, au tuje na mafundi wetu kesho?

Mbarouk alikuwa anammiminia Jaku kahawa. Kikombe kikajaa, kikafurika, kahawa ikamwagika kwenye saruji, na hakuna aliyeona.

— Ala! — alisema Jaku mwishowe. — Na hoteli nayo inavunja?

— Sasa baba, gari itatokea wapi?

Asubuhi nzima wazee walikuwa wamelipigania baraza kwa meli, kwa minazi na kwa jiko la Bi Faiza, na hakuna aliyejiuliza lori la hoteli litaipitishia wapi hiyo gari ya maua.

Kaimu ndiye aliyeinuka kwanza. Akavua kanzu yake ya Ijumaa, akaikunja mara nne, akampa Mbarouk aishike, akabaki na shuka na fulana yenye tundu begani.

— Gazeti, — alisema, — iko wapi nyundo?

Iliwachukua saa nzima na ushei. Jaku alishika mtaimbo, Mmanga nyundo, na Kaimu, baada ya vipigo vitatu, akaanza kusimamia. Kipande chenye maandishi Mmanga hakukubali kivunjwe. Kilitolewa kizima, watu wanne wakakibeba, Rahila mmoja wao, kikawekwa kwenye buti la Shevrole.

Kisha Mmanga akaingia ndani ya ghala. Wakasikia mlango wa gari ukifungwa kwa sauti nzito. Wakasikia injini ikikohoa mara moja, ikanyamaza. Jaku akashika kichwa. Mmanga akatamka kwa sauti mstari wa kabureta, neno kwa neno, kama alivyousoma zile wiki mbili, akavuta kile kinachotakiwa kuvutwa, akawasha tena. Ikanguruma. Pua ya buluu ikachomoza, ikafuata taa, ikafuata ubavu wote mrefu, mpaka ikasimama yote katikati ya njia ya Malindi, jua likaipiga, na mtu mmoja aliyekuwa anapita na samaki akasimama akasahau anakwenda wapi. Rahila akaitazama kwa muda, kisha akachana ukurasa wa vipimo.

— Maua yasingependeza, — alisema, akarudi kwenye gari lake.

Mmanga alishuka kwenda kufunga ghala. Aliporudi akamkuta Kaimu amevaa kanzu, amekaa kiti cha nyuma kama anapelekwa mkutanoni. Pembeni yake Jaku. Pembeni ya Jaku Mbarouk, makaa keshayamwaga, dele katikati ya miguu, vikombe mapajani.

— Nyie! — alisema Mmanga. — Nnakwenda kumchukua mama, Makunduchi. Shukeni!

— Tushuke? — aliuliza Jaku. — Tushuke tukakae wapi?

Mmanga akageuka akatazama mbele ya ghala. Palikuwa na kifusi, vumbi la chokaa, na paka mmoja anayenusa. Honi za walio nyuma zikaanza kupigwa. Akakaa kwenye usukani, akafunga mlango.

— Kiti cha mbele hakai mtu, — alisema, akaingiza gia.