Bei ya Sikioni

Benchi lile liko nje ya bucha, mkabala na kanisa, katika mji wa wafugaji ulio kando ya mto Sinú. Kila asubuhi Doña Ubaldina huweka chupa zake mbili za kahawa chini ya ubao wa bei ya nyama, na wazee wafugaji hufika mmoja mmoja. Don Eustorgio alikaa mwisho wa benchi, kofia magotini, kama alivyokaa kila siku tangu amzike mkewe Nubia. Siku hiyo alikuwa na jambo moyoni. Saa nne angekuja Don Aníbal, mnunuzi, kuchukua madume wanne wa ng'ombe ambao Nubia aliwalisha miwa kwa mkono wake mpaka wiki aliyolazwa. Eustorgio alimwomba Mungu jambo moja tu: jasho la marehemu lisiende bure.

— Kilo ya nyama peso elfu ishirini na nane, alisema Kijiko, aliyepewa jina hilo kwa kukoroga kila jambo. Nafuga ng'ombe nisioweza kuwala.

— Hujui biashara wewe, alijibu Gavana, ambaye hajawahi kuongoza hata jogoo. Ng'ombe hupungua njiani. Akikumbuka kwao analia. Machozi ni maji, na maji ni kilo.

— Alie kilo hamsini?

— Wewe ukitolewa kwa mkeo hutalia?

— Inategemea nani anapika huko niendako.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

— Hiyo inahusu nini?

— Inahusu ng'ombe.

Kijiko akapuliza kahawa yake.

— Mimi niliambiwa bei inapangwa bandarini. Kuna mtu na darubini. Akiona meli imezama sana majini, anajua nyama ni nyingi, anashusha bei.

— Kama anaona mbali hivyo, alisema Doña Ubaldina, basi mwulize mtu huyo mume wangu anarudi lini.

— Si darubini, ni mwezi wa angani, alisema Gavana. Mwezi ukiwa mchanga unavuta mizani juu. Ng'ombe anakanyaga, lakini hakanyagi.

Don Eustorgio akatabasamu. Nubia angecheka mpaka ashike mbavu.

Pembeni alisimama Sista Marleny, aliyehamia parokiani Jumapili iliyopita, akingoja kikombe chake.

— Samahani, wazee wangu. Huyo Don Aníbal mnayemngoja huwalipa ngapi kwa kilo?

Gavana akatazama viatu vyake. Kijiko akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Kila mmoja aliijua bei yake. Hakuna aliyeijua ya mwenzake. Don Aníbal ana desturi: huvua kofia, huikinga mdomoni, hukunong'oneza bei sikioni. Kisha husema, "Hii ni yako peke yako, jirani asijue." Mnashikana mikono, na hiyo huwa ahadi ya mwanamume.

— Tuliahidi, Sista, alisema Gavana.

Don Eustorgio akafanya ishara ya msalaba, taratibu.

— Ahadi nilimpa Aníbal, sikumpa Mungu. Mwaka jana, wiki ya Mtakatifu Yohane, alinipa elfu sita na mia tano. Akasema ameniongezea kwa sababu Nubia anaumwa.

Kijiko akaacha kukoroga.

— Wiki hiyohiyo mimi alinipa elfu saba na mia mbili. Akasema ni kwa kuwa alimsimamia binti yangu ubatizo.

— Saba na mia nane, alisema Gavana, kwa sauti ya mtu anayeungama. Aliniambia nyinyi mnapata sita. Nikanyamaza nisiwaumize.

Doña Ubaldina akainamisha chupa ya pili. Likatoka tone moja. Kahawa ilikwisha, lakini hakuna aliyeinuka.

Gari jeupe likasimama. Don Aníbal akashuka, akawasalimu wote kwa majina, akavua kofia na kuinama kwenye sikio la Don Eustorgio.

Mzee akaishika kofia ile kwa upole, akaishusha.

— Sema kwa sauti, Don Aníbal. Kimya nilicho nacho nyumbani kinanitosha.