Mzee Halfani bin Sefu na Motokaa Iliyokuwa Ikisita

Leo Jumanne, tarehe 31 Machi 1914, Mzee Halfani bin Sefu anatimiza miaka kumi na minane kamili ya kazi katika kampuni yetu, na kesho asubuhi anarudi kwao Kondoa. Maneno haya yanasomwa ghalani mbele ya wafanyakazi wote wa Dodoma, naye mwenyewe ameketishwa kiti cha mbele kwa kulazimishwa, maana alikwisha kujichagulia mahali pa kusimama nyuma, karibu na mlango.

Aliajiriwa tarehe 1 Aprili 1896 kuwa mkaguzi wa ngozi. Siku zile kampuni haikuwa na hata kibanda hapa Dodoma. Ngozi, nta na samli zilinunuliwa Kondoa na kuteremshwa pwani kwa mabega ya wapagazi, na Mzee Halfani alisafiri nazo mara kumi na moja. Waliokuwa naye wanasema aliinusa ngozi kabla ya kuigusa, na kwa harufu tu alijua kama imekaushwa juani au kivulini, na kama mwenye nayo ameinyunyizia maji ili izidi uzito. Muuzaji mmoja wa Kolo alikasirika akamwambia, “Mzee, kwani ulikuwapo nilipomchinja ng'ombe wangu?” Akajibiwa, “Sikuwapo, bwana. Lakini ngozi ilikuwapo, na ndiyo inayonisimulia.”

Sisi tuliokuja baadaye tunazijua safari zile kwa masimulizi yake. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 sote tulifurahi, naye alifurahi pia, lakini alikiri kwamba kuna vitu atakavyovikosa: uji wa alfajiri kabla ya kujitwisha mizigo, nyimbo za wapagazi wakipanda mlima, na ile saa ya jioni ambapo kila mtu anahesabu vidole vyake vya miguu kuona kama vyote vimefika. Treni, alisema, humfikisha mtu kabla hajajua kwamba ameondoka.

Motokaa ilishushwa kutoka kwenye behewa mwezi wa Julai 1911. Haikuwa mpya. Ilikwisha kutumika Tanga miaka mitano, rangi yake imebabuka, na taa moja haikuwapo. Meneja wetu, Bwana Lindemann, aliuliza ni nani anayeijua njia ya Kondoa wala haogopi moshi. Mkono wa Mzee Halfani ulikuwa peke yake hewani. Fundi wa Kijerumani alimfundisha kwa miezi mitatu, kisha akaenda zake Tabora, na tangu hapo dereva na fundi wa motokaa ile wakawa mtu mmoja. Safari ya siku nane kwa miguu ikawa ya siku mbili, kama hatukukwama. Tulikwama mara nyingi.

Mwaka 1912 aliletewa mwenzake, Matonya, mtu mzima wa Zuzu mwenye mke na watoto wanne, akawa mtunza madebe ya petroli. Urafiki wao ulianza kwa matani. Matonya, Mgogo wa ng'ombe hasa, aliizunguka motokaa siku ya kwanza akasema, “Huyu anakunywa kila siku, maziwa hatoi, na akifa hata nyama yake hailiki. Wazungu wamepunjwa.” Mzee Halfani alimjibu kwamba hata ng'ombe wa Zuzu hawatoi maziwa, wanatoa fahari tu kwa wenyewe. Kwa miaka miwili hatukupata asubuhi ya ukimya.

Jambo kubwa ambalo wengi mlitaka lisomwe leo lilitokea Septemba mwaka jana, na tarehe zake ninazo zote.

Jumanne tarehe 9, Bwana Lindemann alipanda motokaa kwenda Kondoa. Kwa majuma kadhaa ilikuwa imeanza tabia mbaya. Ikisimama na injini inawaka, ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Ukiitaka iondoke, ilisita, ikakohoa, kisha ikaruka mbele kwa ghafula. Siku hiyo ilisita kwenye mwinuko wa kwanza, ikazimika, ikarudi nyuma mpaka kwenye miiba, bwana mkubwa akiwa ndani na kofia yake ya safari ikiwa chini ya gurudumu.

Alirudi kwa miguu, na kabla hajafika ofisini alikwisha kutoa hukumu. Petroli imetiwa maji. Aliyetia ni mwenye ufunguo wa stoo, na mwenye ufunguo ni Matonya, aliyeuza petroli na kujaza maji mahali pake. Jumatatu tarehe 15 angepelekwa bomani akapigwe viboko ishirini na vitano, na kazi ikome. Matonya alisema maneno machache tu: “Bwana, Dodoma hii, nani ana maji ya kutia kwenye debe?” Watu walitaka kucheka, wakaona uso wake, wakaacha.

Mzee Halfani aliomba apewe mpaka Jumamosi aitafute sababu. Akakubaliwa.

Namna alivyofanya kazi siku zile nne ingefaa kufundishwa shuleni. Hakufungua kitu hata kimoja siku ya kwanza. Aliiwasha motokaa, akaketi juu ya debe tupu na kuisikiliza mpaka adhuhuri. Jioni alitwambia alichokipata: ikisimama ni mgonjwa, ikiondoka ni mgonjwa, lakini ikishashika kasi ni mzima kabisa. Hilo lilimtia mashaka juu ya maji. “Maji hayachagui mwendo,” alisema. “Yangekuwamo, yangeikaba hata ikikimbia.” Hata hivyo hakutegemea maneno matupu. Alhamisi alichota petroli katika kila debe la Matonya, akaijaza kwenye chupa nyeupe na kuzipanga dirishani. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yangejitenga na kukaa chini. Mpaka saa tisa hapakuwa na tone. Bwana Lindemann alipita, akazitazama, akasema labda Matonya amekwisha kuyamwaga madebe mabaya.

Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, aligeukia cheche zinazoiwasha petroli. Injini ile ina silinda nne, na kila moja ina waya wake. Aliondoa waya mmoja mmoja kwa koleo la mpini wa mti huku injini inawaka. Kama silinda mojawapo ingekuwa imekufa, kuondoa waya wake kusingebadili kitu. Zote nne zililalamika. Cheche zilikuwa nzima.

Ikabaki hewa. Jumamosi asubuhi alimwomba Matonya mafuta ya nyonyo kidogo na unyoya wa kuku. Akawasha injini na kupaka mafuta taratibu kila mahali ambapo bomba limeunganishwa, kiungo kimoja baada ya kingine. Alipofika pale kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, kinapoungana na bomba la kuingia kwenye injini, mafuta yalinyonywa ndani na motokaa ikatulia. Homa ikaisha mbele ya macho yetu. Mafuta yalipokwisha kunyonywa, ikaanza tena kutetemeka. Akapaka mara ya pili, ikatulia. Hewa ya wizi ilikuwa ikiingia pale, na kuharibu mchanganyiko hasa injini inapokwenda polepole na kuhitaji hewa kidogo.

Matonya alipiga makofi akacheka. Mzee Halfani hakucheka. Alizima injini, akafungua kiungo, akatoa kipande cha kuzibia kilichokuwamo. Kilikuwa cha ngozi ya ng'ombe, kimekakamaa na kukunjamana kama jani la muhogo lililosahauliwa juani. Akakitazama muda mrefu.

Kipande kile alikikata yeye mwenyewe. Januari, motokaa ilipokwama kwenye tope la Meia Meia, kizibo cha karatasi nzito kilichokuja nayo kililowa na kuraruka. Katika sanduku la vipuri palikuwa na karatasi nyingine, lakini mtu aliyeishi na ngozi miaka kumi na mitano hawezi kuiamini karatasi. Alichagua ngozi nzuri kuliko zote ghalani, akaikata kwa kisu chake, akajisifu mbele yetu kwamba karatasi ni ya makarani. Wakati wa mvua ilikaa vizuri, imevimba na kuziba. Kisha ukaja upepo wetu wa kiangazi, ambao hukausha hata mate mdomoni. Mtu aliyejua ngozi zote za Kondoa alisahau jambo moja la ngozi: ikikauka, hujikunja.

Sisi tulikwisha kuyasahau majigambo yale, wala hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kulitambua kosa lile. Angeweza kutia karatasi, akafunga, akasema ametengeneza. Jumatatu ingefika na Matonya angekwenda bomani. Au angesema ngozi ilitoka Tanga. Badala yake alikibeba kile kipande kwenye kiganja mpaka ofisini, mlango ukiwa wazi, nasi sote tulisikia: “Shikamoo, bwana mkubwa. Petroli ni safi. Mwenye kosa ni mimi, na kosa lenyewe ni hili hapa. Viboko vilivyoandikwa kwa Matonya vina mwenyewe.”

Bwana Lindemann alitoka akaangalia unyoya, mafuta na injini kwa macho yake. Viboko havikupigwa kwa yeyote. Mzee Halfani aliondolewa kwenye kiti cha dereva kuanzia siku hiyo, akarudishwa kwenye ngozi, na hajarudishiwa kiti kile mpaka leo. Hakulalamika. Kila jioni, baada ya kazi, alikwenda karakana kumfundisha Matonya kusikiliza, na ni Matonya ndiye anayetuendeshea motokaa sasa, kwa vizibo vya karatasi.

Juma lililopita Matonya alileta mtamba kutoka zizi lake la Zuzu, ampe mzee wake zawadi ya safari. Mzee Halfani alikataa. Alisema hakufanya hisani yoyote, alisema tu kosa lake, na mtu halipwi kwa kosa lake. Matonya akamwambia, “Baba, mafundi wa ngozi nawajua wengi. Mtu wa kusema ‘ni mimi’ sijampata mwingine. Mchukue, usinichokoze.” Akamchukua.

Mzee Halfani, tunakushukuru kwa ngozi ulizozikubali na zaidi kwa zile ulizozikataa, kwa barabara ya Kondoa, na kwa Jumamosi ile. Matonya alitaka kukupeleka nyumbani kwa motokaa, lakini mtamba hakubali kupanda, na wewe umesema huwezi kumwacha mgeni wako atembee peke yake. Basi tembeeni polepole, mkinywa maji kila yapatikanapo. Msalimie mkeo, mama Batuli, na wote wa nyumbani. Mungu akupe siku nyingi, afya na ng'ombe wengi, na kila mtakapolala njiani mlale kwa amani.