Mwalimu Nusu na Wanafunzi Wenye Mguu Mmoja Nje

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia inawasomea kwa ufupi maisha ya mama yetu.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika chumba cha uani nyuma ya kiwanda cha matofali, binti pekee wa fundi cherehani, na nyumbani walizungumza lugha ya kaya chache tu mtaani. Alianza shule Januari 1965, akakaa nyuma kabisa, ametulia kama maji mtungini, kwa kuwa lugha ya darasani ilimpita kushoto, akarudia madarasa, na mwaka 1971 baba yake akamtafutia kazi kwa dobi. Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu, badala ya kumfuta shule, alimkabidhi mtoto wa darasa la kwanza wa lugha ileile, aliyeitwa Kifungo kwa sababu shati lake lilibakiwa na kimoja, amfundishe kusoma, ndipo wenzake wakamtania kwa jina la Mwalimu Nusu. Jumatatu alipokwenda kwa dobi, Kifungo aligoma kuingia darasani, akamsubiri langoni hadi kengele ya mwisho, na mama aliposikia hayo alirudi shuleni kesho yake, asiache tena.

Alihitimu ualimu Novemba 1979, akafunga ndoa na fundi umeme tarehe 2 Agosti 1981, wakajaliwa watoto watatu, akafundisha shule ileile hadi alipostaafu mwaka 2017, na kila mwaka, walimu wenzake walipotaka vichwa vya darasa ndio wawafundishe wadogo, yeye aliwachagua wale wa lugha nyingine nyumbani, waliokuwa na mguu mmoja nje ya shule, nao, jambo linalotuacha vinywa wazi hadi leo, walibaki.

Machi 2023 kiharusi kilimnyang'anya usemi, akageukia ukuta, akakataa mazoezi, sisi wanawe tukabembeleza hadi tukachoka. Kifungo, sasa muuguzi anayekaribia kustaafu, hakubembeleza, alimleta mwoka mikate mwenye maradhi yaleyale, akamketisha kando ya kitanda, akasema tu, "Mwalimu, huyu hajui pa kuanzia." Asubuhi tulimkuta mama ameketi, akimwonyesha mwenzake namna ya kukunja midomo, na sauti ikimtoka.

Alifariki tarehe 18 Oktoba 2024, nyumbani, akiwa usingizini. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kukaa naye, na walimu wenzake. Neno la kufunga tumempa mwanafunzi wake wa mwisho, mwoka mikate, tunaomba tumsubiri, maana husema polepole.

Pumzika, Mwalimu. Kwa amani.