Kaka Sentimita na Jino Lililosubiri

Marehemu kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Sentimita, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961. Tulizaliwa wawili tu; mimi ndiye mdogo wake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974. Hesabu zilimpiga chenga, isipokuwa zile za rula.

Alijifunza ushonaji mwaka 1979, na mwaka 1986 akafungua chumba chake chenye cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni. Alishona sare za shule kwa miaka thelathini na mitatu. Alipima watu kwa jicho. Tepe aliivaa shingoni kama pambo tu. Uzi aliukata kwa meno, maana mkasi wake haukujua kukaa mahali pamoja.

Alifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1989. Wifi yangu alikuwa amepeleka sketi ipunguzwe kiuno, akaambiwa arudi Jumanne, kisha Ijumaa, kisha Jumanne nyingine. Sketi ilikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Wifi alikuja kulijua hilo baada ya harusi, na hakumsamehe upesi.

Mwaka 2019 figo zilimshinda. Akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, nami nikimsindikiza. Maji alipimiwa, nusu lita kwa siku. Kinywa kilimkauka, akawa anamumunya peremende kutwa nzima. Nilimnunulia mimi.

Karatasi ya wasifu wake mliyoishika inasema alishikwa na homa ya ghafla. Niliandika hivyo mimi, na si kweli. Ijumaa tarehe 17 Mei 2024, tukiwa kwenye benchi la kungojea, fizi zimemvimba, aliniuliza, "Mdogo wangu, hili jino linanitesa. Nimwambie nesi?"

Nikamjibu, "Hapa ni pa figo, kaka. La jino lisubiri. Jino halijawahi kuua mtu."

Hakumwambia nesi. Alizoea kunisikiliza, na natamani siku ile angekuwa mkaidi.

Tarehe 2 Juni alianza kutetemeka kwa homa. Daktari alitueleza kuwa bakteria wa kinywani walipita kwenye fizi wakaingia kwenye damu, wakafika hadi kwenye moyo, na mwili uliochoshwa na figo haukuweza kuwazuia. Aliuliza kama marehemu aliwahi kulalamikia kinywa. Wifi alisema hapana, kwa kuwa kaka hakuwa amemwambia, asije akamwongezea hofu. Mimi niliangalia sakafu. Wifi yangu, alilalamika. Aliniambia mimi.

Alifariki tarehe 19 Juni 2024, saa tisa alasiri.

Nyinyi mliokuwa mkisafishwa damu pamoja naye, mkiumwa jino, fizi, hata kidonda cha ulimi, semeni siku hiyo hiyo. Hakuna nesi atakayewafukuza.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mimi niliyemwambia asubiri. Mungu ampe pumziko lisilo na maumivu.