Shokapu Nne za Gari la Farhan

Nyuma ya vibanda vya mitumba vya Tandika pana kijiwe chenye kiti kimoja kirefu, kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimeegeshwa juu ya matofali. Swala ya alasiri ikiisha, muuza kahawa hutua birika lake hapo, na walewale huja kukaa palepale. Kuna Albano, fundi cherehani, ambaye wote humwita Sindano. Kuna Mbwana, muuza mitumba, anayeitwa Dubai ingawa hata Zanzibar hajafika. Kuna Apolinari, fundi wa gereji ya pale kona, aliyefungua na kufunga shokapu za pikapu miaka mingi hata watu wakamwita Shokapu tu. Wa nne ni Mfaume kinyozi. Yeye walikuwa wakimwita Baba Farhan. Tangu mwezi uliopita hakuna aliyethubutu kumwita hivyo, na jina jingine hawakuwa nalo, kwa hiyo walipotaka kumsemesha walimgusa begani.

Siku hiyo Apolinari alikuwa na gari la mtoto mapajani. Lilikuwa gari la rimoti, jekundu, na magurudumu yake yalikuwa makubwa kuliko bodi yenyewe. Amu yake Farhan alilituma kutoka Maskati, na mtoto alilirusha kutoka barazani, likadunda, akalirusha tena, hata shokapu zikapasuka na mafuta yakamwagika. Mfaume alimwambia, "Tulia baba, Jumamosi nitampelekea Shokapu." Jumamosi ilipofika Farhan alikuwa kaburini tangu jana yake. Homa haikumpa hata siku mbili.

Nguo za mtoto zilishagawiwa kwa watoto wa madrasa. Gari ndilo lililobaki. Mfaume alisema kitu kibovu hakitolewi sadaka. Likipona tu, atalitoa. Apolinari alikuwa ameliponya mara tatu, na mara tatu lilirudi linavuja. Sasa kesho ilikuwa hitma ya arobaini.

— Mie nakwambia ni mafuta, alisema Sindano. Mwanzo ulitia oili ya injini, mpira ukavimba kama andazi. Si nilikwambia?

— Ukanipa ya cherehani, alijibu Apolinari bila kuinua kichwa. Nyepesi kama maji. Gari likawa linacheza cheza kama mlevi.

— Na ya nazi je? aliuliza Dubai.

— Ya nazi ndiyo usiitaje kabisa. Kipupwe hiki? Asubuhi nilikuta yameganda humo ndani, gari limekaza miguu kama mbuzi aliyechinjwa.

Sindano alicheka, kisha akamwona Mfaume na kicheko kikamkatikia kooni. Mfaume hakuwa amesikia. Alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili, waya wake wa antena umeegemea shavu lake.

Apolinari alifungua shokapu ya kwanza. Ni kitu kidogo, hakizidi kidole cha mwisho: kikopo, springi kwa nje, mti wa chuma unaoingia na kutoka, na chini yake kipete cha mpira kinachozuia mafuta. Alimimina mafuta yaliyobaki kwenye kitambaa. Akachomoa kile kipete kwa ncha ya pini, akakiinua kwenye mwanga. Vipete hivi alivitengeneza mwenyewe juzi, kwa kizibo cha mpira cha chupa ya dawa ya sindano, akavisugua taratibu hadi vikawa duara.

Kipete kilikuwa kimekatwa. Hakikuchanika wala kulika. Kilikuwa na mkato mmoja ulionyooka, safi, wa wembe.

Akafungua ya pili. Mkato uleule.

Apolinari aliviweka vipete vile kwenye kiganja na kufumba mkono. Hakumtazama kinyozi.

— Vipi, fundi? aliuliza Dubai. Umeona nini?

— Mpira umechoka.

— Umechokaje na juzi ulikuwa mpya? Dubai alisogea mbele, kahawa ikamwagikia kidole. Sikilizeni, nyie hamjui biashara. Hizi bidhaa zinazoingia siku hizi, tangu mlango wa biashara ufunguliwe, zinatengenezwa za aina mbili. Moja ya wenyewe, moja yetu. Ya kwetu inatengenezwa ife. Mie nauza, najua. Suruali ikivaliwa mara tatu zipu inaaga.

— Suruali zako zinaaga kwa sababu zilikwishavaliwa na marehemu wa huko, alisema Sindano.

Neno lile, marehemu, lilikaa katikati yao. Sindano alijipiga paja, akalifukuza kwa maneno mengine haraka haraka.

— Mie naona ni baridi. Kule zinakotengenezwa kuna barafu. Mafuta yao yamezoea barafu. Hapa yakipata jua la Temeke yanatafuta pa kutokea.

— Sasa mafuta nayo yana akili? aliuliza muuza kahawa.

— Bwana, kuna mawimbi! Dubai alinyoosha kidole kwenye rimoti. Hiki kidude kinatoa mawimbi. Redio, unaona? Yale mawimbi yanajua mkono. Mkono ulioyazoea ukiwa haupo, gari linasusa. Nimeona Kariakoo, televisheni ya mtu ilikataa kuwaka mpaka mwenyewe alipo...

Muuza kahawa aligonga vikombe vyake viwili vitupu, kwa mazoea tu.

— Mpaka mwenyewe alipolipia umeme, alimalizia Sindano, na hakuna aliyecheka.

Apolinari alitoa vipete vipya mfukoni. Alikuwa amechonga vinne zaidi, maana Raudha, mke wa Mfaume, alikuwa amemjia gereji asubuhi ile. Alisimama mlangoni, kanga ameifunga hadi kidevuni, na hakutaka kukaa. Alisema, "Shemeji Apolinari, itengeneze itoke. Mie nikiwa jikoni namsikia mwenzangu anaiwasha chumbani. Ikilia vile mwili wangu unasimama, naita jina. Naita kabisa, shemeji. Kesho baada ya hitma ikiwa bado imo ndani, mie narudi kwetu Kipawa, na sirudi tena." Apolinari alimwapia kwamba leo itapona. Alikuwa na mke na watoto wanne, wazima wote, na aliona aibu kuwa nao mbele ya yule mama.

Basi akafanya kazi. Alipangusa kikopo, akavisha kipete, akajaza mafuta hadi ukingoni, mafuta mazito ya rangi ya asali aliyoyapata kwa fundi mwenzake wa pikipiki. Akaupandisha na kuushusha ule mti wa chuma polepole ili mapovu ya hewa yapande. Kazi hii haitaki haraka. Povu moja likibaki ndani, gari litadunda tu. Wote walitazama mapovu yakipanda na kupasuka. Akafunga kifuniko, akavisha springi. Kisha ya pili, na ya tatu. Mfaume naye alitazama, macho yake hayakupepesa, kama mtu anayemwangalia daktari mikononi.

— Taratibu, fundi, alisema Mfaume. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu akae. Hakuna haraka.

— Kesho si hitma? alisema Dubai, halafu akatamani kuyameza.

— Hakuna haraka, alirudia Mfaume.

Apolinari alifunga ya nne. Akaliweka gari chini, juu ya kipande cha boksi, akalikandamiza kwa kiganja. Likashuka lote kwa pamoja, likapanda lote kwa pamoja, laini, bila sauti. Akalikandamiza tena. Boksi lilibaki kavu. Katika maisha yake ya ufundi hakuwahi kufunga shokapu zikatulia namna ile, na hakusikia furaha yoyote.

Hapo ndipo alipofika mgeni. Alikuwa kijana wa kutoka Mbeya, Brightson, mwalimu aliyehamishiwa shule ya msingi ya jirani, na alikuwa amepanga chumba mtaa wa pili wiki ile ile. Alisalimia kila mmoja kwa mkono.

— Shikamooni, wazee wangu. Naweza kukaa?

— Marahaba. Kaa, mwalimu, benchi la umma hili.

Alipewa kahawa. Aliliona gari, uso ukamchangamka.

— Lo! Hii kali. Inaruka hii?

— Inaruka, alisema Sindano.

— Mmeitengeneza wenyewe hizi shokapu? Hongera, fundi. Sasa mbona mmelikalia tu? Mwiteni mtoto mwenyewe aje alijaribu.

Alisema hivyo huku akitabasamu, akimtazama mmoja baada ya mwingine. Alianza kwa Dubai, ambaye aliangalia ndani ya kikombe chake. Akamtazama Sindano, na Sindano akaanza kuokota nyuzi kwenye suruali yake, moja moja. Muuza kahawa aliinama kupuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu.

— Yuko mbali? aliuliza Brightson, sauti imepungua.

Ng'ambo ya njia mtoto wa mtu alikuwa anaitwa akaoge, anaitwa na kuitwa, haitiki.

Mfaume alifungua mdomo. Apolinari aliona jinsi anavyolitafuta jibu, na jinsi ambavyo siku zote hizi arobaini hajapata kulisema kwa mdomo wake mwenyewe. Watu walimpa mkono wa pole, walisoma, walikula, wakaondoka. Wao ndio waliosema kila kitu. Yeye aliitikia tu. Sasa akamgeukia fundi.

— Shokapu. Imepona?

Apolinari alilitazama gari. Alimkumbuka Raudha mlangoni na kiapo alichomwapia asubuhi. Likipona litatoka kesho, mbele ya watu, na huyu mtu itabidi anyooshe mikono alitoe mwenyewe. Na usiku huu, kabla ya kesho, ataingia tena chumbani na wembe.

— Haijapona, alisema.

Sindano aliinua kichwa ghafla. Dubai alikodolea macho lile boksi kavu.

— Inavuja? aliuliza Mfaume.

— Inavuja. Na safari hii ni kubwa, si ya kumaliza leo wala kesho. Ilale kwangu, gereji. Kitu kilicho kwa fundi hakihesabiwi kuwa kimo ndani ya nyumba. Mwambie shemeji nimesema mimi.

— Mpaka lini?

— Mpaka ipone.

Mfaume aliinama. Akaweka kidole chake juu ya boksi, chini ya tumbo la gari, akakipitisha huku na huku. Akakiinua kidole na kukitazama. Kilikuwa kikavu, na wote walikiona kwamba ni kikavu.

— Kweli, alisema. Inavuja.

Akaikunja antena ya rimoti. Akatoa zile betri mbili, akazitazama kama hajui zilitoka wapi, kisha akaviweka vyote juu ya gari. Alisimama. Kwa kitambo alibaki ameinua mikono kidogo mbele ya kifua, namna mtu anavyobeba kitu, halafu akaishusha. Alimpa kila mmoja mkono, na mwalimu pia, akashika njia ya kwake.

Walimtazama hadi alipopinda kwenye kibanda cha nyanya.

— Samahani, wazee, alisema Brightson kwa wasiwasi. Lakini fundi, mbona mie naliona halivuji?

— Kunywa kahawa yako, mwalimu, alisema Sindano.

Apolinari alilipakata gari. Akageuza kichwa asiwatazame, akalegeza kifuniko kimoja robo mzunguko, mpaka tone la kwanza likamwangukia gotini.