Bi Ghaniya binti Marhoun na Barua ya Sinaw

Sote ni wa Mungu na njia yetu ni kwake. Leo, siku ya tatu ya matanga, tunamsoma Bi Ghaniya binti Marhoun bin Harub kama alivyokuwa, bila ya kumremba, maana mwenyewe kurembwa hakukupenda.

Alizaliwa Ng'ambo, Unguja, tarehe 14 Machi 1951. Baba yake, Mzee Marhoun, alikuwa mtu wa Ibra, Oman. Mama yake, Bi Kuruthum, Mmanyema, mweusi wa kung'ara, na Ghaniya alimchukua mama yake mzima mzima, sura na ulimi.

Alisoma Unguja mpaka darasa la kumi na mbili. Mwaka 1973 alifika Ibra na cheti chake mkononi, akapata nafasi ya kwenda kusoma chuo kikuu nchi za nje. Ilitakiwa barua moja tu ya mkubwa wa kabila, kuwa huyu ni wetu. Mkubwa mwenyewe ni ami yake. Akamtazama rangi yake, akasema, "Huyu hatumjui." Nafasi ikapita. Bi Ghaniya hakulia mbele ya mtu. Alikunja cheti chake, akaenda kuwafundisha watu wazima kusoma.

Mwaka 1976 aliolewa na Bwana Khalifa bin Hud wa Bidiya, dereva wa gari la maji. Watu walimwonya Khalifa kuwa mwanamke yule ana ulimi. Akawajibu, "Na mimi nina masikio mawili, moja la kuingilia, jingine la kutokea." Waliishi miaka thelathini na miwili bila ya kupelekana kwa kadhi.

Mwaka 1994 aliajiriwa karani wa kupokea maombi katika chuo kimoja cha wasichana. Jina la chuo hatuliandiki, wenyewe wanajijua. Fomu yao ilikuwa na mstari wa kabila na mahali pa muhuri wa sheikh. Mtoto wa watu waliokuwa watumwa zamani, sheikh humwandikia "mtumishi wetu", na fomu yenye neno hilo ilikuwa haivuki meza ya pili. Alama zake hata hazisomwi.

Agosti 1998 ikaja fomu ya Yaqeen, binti wa mkwezi wa mitende. Alama zake zilikuwa za kwanza katika wilaya nzima, lakini muhuri hakuna. Sheikh Soud, mkubwa wa kabila lao, alisema ataandika vile vile wanavyoandikwa watu wao siku zote, na baba yake Yaqeen akakataa. Siku hiyo ilikuwa Alkhamisi, na fomu zinafungwa Jumamosi asubuhi. Karani hana ruhusa ya kumhangaikia mwombaji. Ikijulikana, kazi hana. Bi Ghaniya akachukua buibui lake, akamwambia mumewe awashe gari la maji.

Walimkuta sheikh Sinaw, soko la mbuzi, katikati ya duara la wanunuzi. Bi Ghaniya akampa barua aliyokwisha kuiandika mwenyewe: Yaqeen ni binti yetu.

Sheikh alikulia Unguja. Akajibu kwa Kiswahili, taratibu, watu wasielewe. "Bibi we, usinifedheheshe sokoni. Asili yao unaijua."

Bi Ghaniya akamrudishia kwa Kiarabu, soko zima lisikie. "Asili anaulizwa mbuzi, shekhe. Mwanafunzi anaulizwa alama."

"Sema Kiswahili, mwanangu."

"Kiswahili nitakisema ukishapiga muhuri."

Wenye mbuzi wakaacha kuzungusha mbuzi. Sheikh akatia mkono mfukoni, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga juu ya goti lake. Hapo ndipo Bi Ghaniya alipomwambia kwa Kiswahili, "Shikamoo, baba." Khalifa akageuza gari, wakarudi Ibra na barua yao.

Yaqeen aliingia chuoni. Leo anasomesha hisabati Aija, kule Sur. Mwaka uliofuata Sheikh Soud alileta barua nne kwa miguu yake, hakufuatwa na mtu, na zote nne zimeandikwa "binti yetu". Mwaka 2004 chuo kikaufuta mstari wa kabila. Bi Ghaniya alisajili wasichana mia mbili na kumi mwaka ule, wa kila rangi aliyoiumba Mungu. Alirudi nyumbani, akakaa, akamwambia Khalifa, "Leo nimeandika majina tu."

Sukari ilimwanza mwaka 2001, na mwaka 2006 ikafika kwenye figo. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki na hakuacha kuwasahihisha wauguzi. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2008, alfajiri, akazikwa Ibra baada ya sala ya Ijumaa.

Ameacha mume, Bwana Khalifa; watoto wanne, Nadhir, Turkiya, Anas na Wasan; wajukuu saba; na Yaqeen, aliyemwosha pamoja na binti za marehemu.

Jana mchana, sinia moja la wali walilikalia mama yake Yaqeen na binti wa Sheikh Soud, bega kwa bega, wakala mpaka likaisha, na hakuna aliyeona ajabu. Mola amlaze Bi Ghaniya pasipoulizwa mtu ni wa nani. Amina.