Saad Anatafuta Chumba chenye Mlango

Benchi ni langu. Nasema mapema kwa sababu ukipita Majengo jioni, ukawakuta wanaume wamelikalia wakibishana, utadhani limewekwa na kanjo, wale wa baraza la jiji. Nililipigilia misumari kwa mkono wangu mbele ya kibanda changu cha baiskeli, wateja wapumzike nikiwazibia pancha, lakini mteja akipata pa kukaa hapo ni bahati yake. Abukar naye aliona ndipo mahali pa kuweka jiko na birika lake la kahawa, basi mambo yakaharibika kabisa. Ijumaa ninayoisimulia ilikuwa ya Julai, mwaka wa themanini na tano, baridi ile ya kukunja vidole. Mji ulikuwa umejaa wanawake wa mataifa yote waliokuja kwenye mkutano wao mkubwa, na hoteli hazikuwa na hata godoro la akiba. Nasi tulikuwa na hasira, kwa maana Saad alikuwa anatafuta chumba.

Saad ni kijana mpole, anakata akala, viatu vya matairi, kule Gikomba. Ameoa miezi sita iliyopita. Yeye na mkewe Muhiba wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili mtaa wa pili, na chumba hicho kimegawanywa kwa pazia. Nyuma ya pazia analala Twalib, mtoto wa shangazi yake, aliyekuja kutoka Malindi kwa ajili ya harusi. Alikuja, akala pilau, akacheza, akalala. Bado yuko.

Muhiba alivumilia mpaka wiki hiyo. Ndipo alipokunja nguo zake sandukuni akamwambia mumewe kwamba Jumamosi kaka yake atakuja na pikapu kutoka mtaa wa Umoja kumchukua. Hakudai dhahabu wala kabati. Alidai usiku mmoja tu katika chumba chenye mlango, mahali ambapo mtu hakohoi upande wa pili wa shuka. Kama Saad hawezi hata hilo, basi atawaachia nyumba yeye na binamu yake wakae raha mustarehe.

Kisa hicho tulikijua sote. Twalib alikuwa amekaa papo hapo, katikati ya benchi langu, na hakuna aliyemtajia. Ndivyo tulivyolelewa. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kutafuta chumba. Tunamwita Profesa.

Saad alikuja akakaa pembeni, koti limelowa manyunyu.

— Nimetoka mjini sasa hivi. Yule karani hata kitabu hakufungua. Ati nirudi Agosti, mkutano ukiisha bei itashuka.

— Agosti kitanda ni kingine? aliuliza Ngui.

— Ni kile kile.

— Na shuka?

— Ni ile ile.

— Sasa kinachoshuka ni nini?

Ngui ni mtu wa kanjo, anakagua vibanda soko la Gikomba, nasi tunamwita Risiti kwa sababu hata ukimpa karanga atakudai risiti. Alisema ameona bei zikishuka maisha yake yote, na zinashuka kwa sababu. Nyanya ikifika jioni inalainika, mama anaitupa kwa bei ya hasara kabla haijaoza. Lakini kitanda kinaoza? Godoro linalainika jioni? Hao watu ni wezi tu, wamevaa tai.

— Kitanda kinaoza kabisa, alisema Phares. Nyinyi hamjui maneno.

Phares ni karani wa reli, mtu wa Maragoli, jina lake hapa benchini ni Stesheni. Kwake dunia nzima ni behewa.

— Treni ikitoka na kiti kitupu, hicho kiti kimeenda, huwezi kukiuza kesho. Chumba ni hivyo hivyo. Kikilala bure leo, usiku wa leo umepotea. Kwa hivyo saa ya bei nzuri ni ile ya mwisho. Saad, wewe chukua sutikesi, simama mbele ya yule karani mpaka roho yake imlainike.

— Na kama vyumba vimejaa?

— Wewe simama tu.

— Na bibi yangu?

— Naye anasimama.

Saad alitikisa kichwa. Muhiba hawezi kusimama mlangoni pa hoteli usiku na sutikesi, karao wa doria, polisi wale, watambeba kabla karani hajalainika. Ndipo alipotueleza kwamba jana, kwa kukata tamaa, alipita lojingi moja ya mjini, moja ya zile zenye ngazi nyembamba na balbu nyekundu. Alimwambia mtu wa mapokezi anataka chumba cha yeye na bibi yake.

— Akaniuliza, kwa saa ngapi? Nikamwambia ndugu yangu, huyu ni mke wangu wa ndoa. Akaniambia, wote wanaoingia hapa ni wake wa ndoa.

Mimi nilikuwa na spana mkononi na niliikamata vibaya. Kijana ameoa kwa mahari, kwa kadhi, kwa mashahidi, watu wamekula pilau wakanawa mikono, halafu mjinga mmoja mwenye funguo anamwuliza saa ngapi. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Twalib alikohoa. Kila anapotaka kusema hukohoa kwanza, na kila anapokohoa Saad hufumba macho.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema.

Tulimwangalia.

— Nasema watalii. Bei ya chumba haipangwi hapa, yapangwa Ulaya. Mzungu akimbia baridi ya kwao, ndipo bei yapanda. Ikianza mvua ya masika huku, hawaji, na hoteli za pwani zabembeleza watu. Kwetu Malindi mwezi wa Mei mwenyeji apewa chumba nusu bei, na chai ya asubuhi juu yake. Basi tungoje Aprili.

— Aprili ni miezi tisa, alisema Saad.

— Mvumilivu hula mbivu.

— Kaka yake anakuja kesho.

Nilitamani kumwuliza Profesa, kama Malindi mwezi wa Mei ni tamu hivyo, kwa nini Mei yote aliimaliza Majengo nyuma ya pazia. Nikameza. Abukar akanijazia kikombe bila kuombwa.

Kuanzia hapo akili zilikata breki. Ngui alijitolea kuingia jikoni mwa hoteli kubwa akiwa na yunifomu, aone mende, aandike notisi ya kufunga, na jioni bei itakuwa imeanguka. Phares alimwuliza kama ana hakika hoteli kubwa ina mende. Ngui alisema mende atakwenda naye mfukoni.

Phares akaona hiyo ni kazi ya kishamba. Yeye alitaka Muhiba avae buibui lake zuri, aning'inize kadi shingoni, aingie kama mjumbe wa Komoro aliyepotezana na wenzake. Wajumbe vyumba vyao vimeshalipiwa.

— Hajui Kifaransa, alisema Saad.

— Mjumbe hasemi na karani. Amechoka na mkutano.

Twalib akakohoa tena. Kwake dawa ilikuwa simu. Tupige hoteli kumi, tuagize vyumba vyote kwa jina la balozi, halafu jioni tuvifute kwa mpigo. Hoteli zitabaki zimeduwaa na vyumba vitupu, na bei itaporomoka.

— Lakini zimejaa, alisema Phares.

— Ndiyo watashtuka zaidi.

Wakati huo alikuwa amefika mteja, bwana mmoja anaitwa Kisilu, anasambaza mikate kwa baiskeli, gurudumu la nyuma limelala chini. Nilikuwa nimeufungua mpira nauzamisha kwenye karai kutafuta tundu, naye amepata ncha ya benchi kwa shida. Aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini mtu mwenye nyumba anatafuta hoteli. Nikamnong'oneza: ana mke mpya, ana chumba kimoja, na nyuma ya pazia kuna binamu aliyekuja harusini. Sikunyoosha kidole. Kisilu alisema ahaa, akaendelea kusikiliza.

Ngui sasa alikuwa amesimama. Alisema kinachomchoma ni kwamba hao wanawake wamekuja kuzungumzia haki ya mwanamke, wanalala kwenye vitanda vya shuka nyeupe wakiizungumza, na Muhiba wa Majengo hana hata mlango wa kufunga. Phares alisema hiyo ilipaswa kuwa ajenda ya kwanza. Mimi nilisema kweli kabisa, na mate yakaniruka.

— Na wanakaa tu, alisema Ngui kwa uchungu. Wahenga walisema nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu...

Hapo akakumbuka. Aliweka kikombe mdomoni ingawa kilikuwa kitupu. Phares akaanza kufunga kamba ya kiatu. Saad aliangalia barabara utadhani pikapu ya Umoja inakuja leo.

— Siku ya tatu mpe jembe, alimalizia Twalib mwenyewe, kwa sauti ya mwalimu. Na hawa wakaa wiki mbili nzima. Hawana haya.

Nilibana mpira wa Kisilu mpaka kiraka kikateleza.

Kisilu alijipangusa unga wa mkate kwenye suruali, akageukia katikati ya benchi kwa heshima zote.

— Samahani wazee. Mambo ya hoteli nimeyaelewa. Lakini huyo binamu wa nyuma ya pazia, yeye anaondoka lini?

Ngui akarudi kwenye kikombe chake kitupu. Kisilu akadhani ameuliza watu wasiofaa, basi akamwelekea Twalib.

— Profesa, wewe ndiye unajua nyakati. Unaonaje?

Twalib alikohoa, tukangoja. Aliangalia kikombe chake, akaniangalia mimi, akamwangalia Saad kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Nami, niliyekuwa nimemkasirikia jioni nzima, nilimwonea huruma ghafla, na hilo likanikasirisha upya. Tangu Januari alikuwa akitafuta kazi karakana hadi karakana. Kule Malindi waliomuaga walimpa mikoba mitupu, arudi nayo imejaa.

— Ni mtoto wa shangazi yangu, alisema Saad.

— Sawa, alisema Kisilu. Nimeuliza lini tu.

Saad akasimama, akakung'uta koti. Sauti yake haikuwa na kinyongo hata kidogo, na hicho ndicho kilichonishinda.

— Twende nyumbani, Twalib. Muhiba ameshapakua, chakula kitapoa.

— Tangulia.

— Twende tu, ndugu yangu.

— Tangulia, Saad. Mwambie nimeshakula.

Saad alisita, akatembea, akasimama tena penye kona, kisha akapotea. Abukar aliinamisha birika juu ya kikombe cha Ngui likatoa machicha, akaanza kuzima jiko. Ngui na Phares waliaga kwa pamoja, upesi, watu ambao kwa kawaida nawafukuza kwa ufagio. Kisilu alipanda baiskeli yake akaniambia asante.

Nikabaki na Twalib. Nilikusanya spana moja moja, nikamwaga maji ya karai, nikateremsha mabati ya kibanda, na muda wote huo alikaa pale pale katikati, mikono katikati ya magoti. Kiza kilikuwa kinaingia na baridi imezidi. Mimi naishi peke yangu. Chumba changu ni kikubwa kuliko cha Saad, na mlango wake una komeo. Nilimwambia alale salama, nikaenda zangu haraka, kwa sababu kama ningemwuliza atalala wapi, swali hilo ningelazimika kulijibu mwenyewe.